MTOTO WA MFAGIAJI NAYE APEWE NAULI



Kila mwaka tunawaona. Huja zaidi katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati vyuo vya Ulaya na Marekani vimefungwa. Ni vijana wanaosomea udaktari, wamevaa makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya sanduku, na shingoni wamening'iniza kipimo cha kusikilizia moyo. Hukaa nasi majuma manne, sita au manane. Husimama kando ya kitanda, huuliza maswali, huandika katika daftari, na siku yao ikifika hutuaga kwa adabu na kurudi kwao. Sisi tunaofagia wodi, tunaosukuma machela, tunaofua mashuka na kuandika majina ya wagonjwa mlangoni, tumekwisha zoea kuwapokea. Wengine wetu ndio tuliowafundisha maneno ya kwanza ya Kiswahili waliyomwambia mgonjwa: "Pole, mama."

Hatuna ugomvi na wageni hawa. Wengi wao ni vijana wenye heshima, na wako waliolia pamoja nasi usiku mama alipokwenda na mtoto akabaki. Mgeni akija kujifunza kwako amekupa heshima. Lakini yatupasa kuuliza swali moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii: mbona nauli ni ya njia moja? Mbona mtoto wa London na mtoto wa Chicago waweza kuja kujifunza uzazi juu ya vitanda vya mama zetu, na mtoto wa mama aliyelala juu ya kitanda kile hawezi kwenda kujifunza hata Garissa?

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana si kila mwanachama alijua. Mwanafunzi wa udaktari akiwa katika miaka ya mwisho ya masomo hupewa majuma kadha achague mwenyewe mahali pa kufanyia kazi. Wenyewe huiita elektivu. Sisi hapa tutaiita zamu ya ugenini, maana ndivyo ilivyo: mwanafunzi huacha hospitali ya chuo chake, akaenda kufanya zamu katika hospitali ya watu wengine, aone magonjwa mengine, mabingwa wengine na desturi nyingine za kazi.

Faida ya zamu hii si kuona tu. Faida kubwa ni kuonekana. Mwanafunzi akifanya kazi mwezi mzima mbele ya bingwa, bingwa humjua mikono yake, uchangamfu wake na ulimi wake. Siku ya kuchagua nani aendelee na masomo ya ubingwa, barua ya bingwa yule hufunga au hufungua mlango. Katika Marekani jambo hili wanalijua sana. Huko mwezi wa zamu ya ugenini ni kama mtihani wa kuajiriwa, na asiyeweza kulipa nauli na chumba katika mji mwingine hakosi safari tu, hukosa nafasi. Na hapa kwetu, ingawa taratibu si zile zile, barua ya bingwa ni barua ya bingwa.

Sasa tuwaeleze habari ya binti wa mwenzetu. Hatutamtaja kwa jina, wala hatutataja chuo chake wala hospitali, kwa sababu hatutafuti mtu wa kumshtaki. Mama yake ni mfagiaji wa wodi ya wazazi, mwanachama wetu wa siku nyingi. Baba yake ni seremala, mmoja wa wale mnaowaona kando ya barabara ya Ngong hapa Dagoretti Corner, wakipiga randa vitanda na makabati kwenye vumbi. Binti huyu alisoma kwa taa ya jirani, akapita, akaitwa kusomea udaktari. Tulichanga, mnakumbuka. Wengine walitoa shilingi mia, na wengine walitoa viatu.

Tangu mwanzo alisema atakuwa daktari wa uzazi. Sababu anaijua yeye na mama yake: alipokuwa mdogo, jirani yao mmoja alishikwa na uchungu usiku katika upande wa Kawangware, na hapakupatikana gari mpaka alfajiri. Mtoto yule aliyezaliwa alikuwa amekwisha choka, hakulia.

Ulipofika wakati wa kuchagua zamu, binti wetu aliandika barua nyingi. Hospitali moja ya ng'ambo ilimkubali. Furaha yake ilidumu mpaka aliposoma ukurasa wa pili: ada ya zamu, ada ya viza, bima, chanjo, tiketi ya ndege, chumba. Baba yake alihesabu akaona ni vitanda vya mwaka mzima, na ya kula hakuna. Basi akasema si neno, nitakwenda kaskazini mwa nchi yetu, huko akina mama wana shida kuliko sisi na madaktari ni wachache. Huko nako alihitaji nauli ya basi kwenda na kurudi, chumba cha mwezi mmoja, na chakula. Mkopo wa masomo ulikuwa umekwisha liwa na kodi na vitabu. Akaenda ofisini kuuliza kama kuna msaada. Aliambiwa, bila ukali wo wote, kwamba zamu hii ni ya hiari.

Hiari ya nani? Hiari ni neno la mwenye nauli. Binti yule mwishowe alifanya zamu yake katika hospitali anayoweza kufika kwa miguu kutoka nyumbani kwao. Mwenzake wa darasa moja, mtoto wa watu wenye nafasi, alikwenda Uingereza akarudi na barua ya profesa. Hatumwonei kijicho mwenzake, alifanya kazi na barua yake ni halali. Lakini siku mabingwa watakapokaa kuchagua, mezani patakuwa na barua moja yenye muhuri wa ng'ambo, na ya pili itasema tu kwamba mwanafunzi huyu alihudhuria. Na hakuna mtu atakayesema: huyu wa pili alikosa shilingi, hakukosa akili.

Wako watakaosema: mambo haya yako katika kila kazi, kwa nini mnataja uzazi? Twataja uzazi kwa sababu wodi ile si kama wodi nyingine. Mtu aliyevunjika mguu aweza kunyamaza akafungwa bandeji. Mama mwenye uchungu hana budi kusema, na husema kwa lugha aliyolelewa nayo. Hana budi kuvua nguo mbele ya mtu asiyemjua. Akikaripiwa saa ile, hasahau maisha yake yote, na mimba ya pili huenda akaificha nyumbani.

Haya si maneno ya mlangoni. Mwaka wa 2015 ulitolewa uchunguzi uliofanywa katika hospitali na zahanati 13 za Kenya. Katika wanawake waliohojiwa baada ya kujifungua, mmoja kati ya watano alisema alitendewa jambo la kumvunjia heshima. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu huko Bungoma iliamua kwamba mama mmoja, aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya serikali mwaka wa 2013 na kupigwa na kutukanwa, alivunjiwa haki zake, akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5. Sisi tunaofanya kazi wodini hatukushangaa kusikia habari hiyo. Tuliona haya. Maana wakati mwingine ni sisi tuliofunga mlango.

Kisha tazameni hesabu. Kwa kufuata sensa ya mwaka wa 2019, katika Kenya nzima walikufa akina mama 355 kwa kila watoto laki moja waliozaliwa hai. Lakini hesabu hiyo ni ya kuchanganya. Nyeri walikuwa 67. Garissa walikuwa 641. Ni nchi moja, bendera moja, kodi moja, na mama wa Garissa yuko katika hatari karibu mara kumi ya mama wa Nyeri. Sababu ni nyingi: njia mbaya, mwendo mrefu, damu haipatikani, hospitali ni mbali. Lakini mojawapo ni hii, kwamba madaktari bingwa wa uzazi wamejaa miji mikubwa, na wengi wao hawajapata kulala hata usiku mmoja katika hospitali ya upande ule. Mtu hawezi kupenda kwenda kufanya kazi mahali anapopajua kwa kutishwa tu.

Twataka tueleweke vizuri. Hatusemi daktari aliyezaliwa katika nyumba ya mawe hawezi kumhudumia mama wa nyumba ya mabati. Tumewaona wengi wanaofanya kazi mpaka miguu inavimba. Wala hatusemi kwamba mtoto wa maskini atakuwa mpole kwa sababu ya umaskini wake, maana wako waliopanda wakaivuta ngazi. Tusemalo ni kwamba wodi yenye madaktari wa kila namna ya malezi ina macho mengi. Mmoja atauliza mama huyu ana ugonjwa gani. Mwingine atauliza alikuja na nini, atarudi na nani, na nani amebaki na watoto. Maswali yote mawili huokoa maisha.

Mfano tunao hapa hapa Nairobi. Mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, palipigwa marufuku kutembea usiku. Akina mama wenye uchungu waliogopa kutoka nje. Dr. Jemimah Kariuki, ambaye wakati huo alikuwa bado anasomea ubingwa wa uzazi, hakungoja akina mama wafike. Aliuliza watafikaje. Akaanzisha na wenzake mpango wa kuwapa usafiri wa bure usiku, ulioitwa Wheels for Life. Swali lile la "watafikaje" halimo katika vitabu vingi vya udaktari. Kila mwanamke wa Kawangware na Riruta analijua.

Sasa, ndugu, tusidhani kwamba mlango huu umefungwa kwa mara ya kwanza. Wazee wetu waliona kufuli nyingine. Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambayo wengi wetu huipita kila asubuhi tukienda mjini, ilianza mwaka wa 1901 kwa jina la Hospitali ya Wenyeji, na mwaka wa 1952 ikaitwa King George VI. Wazungu walikuwa na hospitali yao mbali. Waafrika waliotaka udaktari walikwenda Makerere, na ingawa walisoma miaka mingi, cheti chao hakikukubaliwa na baraza la madaktari la Uingereza mpaka mwaka wa 1957. Walifanya kazi ya daktari kwa jina la msaidizi na kwa mshahara wa msaidizi. Shule yetu wenyewe ya udaktari hapa Nairobi ilianza mwaka wa 1967 tu.

Siku zile mlango ulifungwa kwa rangi, na kila mtu aliiona kufuli. Siku hizi mlango uko wazi, na mlinzi anatabasamu, ila aingiaye sharti awe na nauli. Kufuli ya namna hii ni ngumu kuipigia kelele, kwa sababu haina mtu aliyeshika ufunguo.

Wako wanachama watakaouliza: chama cha wafanya kazi kina shughuli gani na safari za wanafunzi? Twawajibu kwa jina moja: Tom Mboya. Alikuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanya Kazi la Kenya, na mwaka wa 1959 ndiye aliyesimama mbele katika kutafuta ndege ya kuwapeleka vijana wetu kusoma Marekani. Ndege ya kwanza ilichukua vijana 81. Mpaka mwaka wa 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800 kutoka sehemu hizi za Afrika ya Mashariki. Marekani walitoa nafasi na fedha, lakini vijijini nako watu walifanya mikutano, wakauza kuku na mbuzi kumchangia kijana mmoja. Miongoni mwa waliosafiri kwa mpango huo alikuwa Wangari Maathai, mwaka wa 1960. Basi kumtafutia mtoto wa mtu mnyonge nauli si kazi mpya kwa vyama vya wafanya kazi. Ni kazi yetu ya zamani tuliyoiacha njiani.

Hebu tutazame wengine wanafanyaje. Katika Marekani wanawake weusi hufa kwa uzazi kuliko wanawake weupe. Mwaka wa 2021 hesabu ya serikali yao ilikuwa vifo 69.9 kwa kila watoto laki moja kwa wanawake weusi, na 26.6 kwa weupe. Nchi ina fedha, ina mashine, lakini tofauti ni hiyo. Hospitali nyingi za vyuo zikatambua kwamba madaktari wao wa uzazi hawafanani na akina mama wanaowahudumia. Zikatenga fedha za kuwalipia nauli na chumba wanafunzi wa jamii zilizo chache katika udaktari, waje kufanya mwezi mmoja wa zamu ya ugenini, waone na waonekane. Si mpango wa kuwapunguzia mtihani. Ni mpango wa kuwafikisha kwenye mtihani.

Mwezi wa Juni mwaka wa 2023 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile ilikataa vyuo kutumia rangi katika kuchagua wanafunzi, na tangu siku hiyo mipango ya kutazama rangi imekuwa na mashaka ya kisheria. Hapo sisi twapata fundisho. Sisi tusianze na kabila. Tuanze na mfuko. Tuulize mzazi anapata nini, mtoto alisoma shule gani, wilaya yake ina madaktari wangapi. Mtoto wa mfagiaji ni mtoto wa mfagiaji, awe ametoka Mutuini au Mandera. Na atakayetaka kuugeuza mpango huu uwe wa kabila lake, huyo ni adui wa mpango.

Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano, maana tunao Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzisha shule ya udaktari karibu na mwaka wa 1990, kilifanya urafiki na Chuo Kikuu cha Indiana. Wanafunzi wa Indiana huja Eldoret. Na wanafunzi wa Eldoret nao huenda Indiana na kwa vyuo rafiki kufanya zamu. Njia ni mbili. Baadaye Chuo Kikuu cha Toronto kilishirikiana nao katika mambo ya uzazi. Tena shule ile ya Eldoret ina desturi ya kuwapeleka wanafunzi wake vijijini wakiwa bado wachanga katika masomo, wakae na watu, wajifunze maradhi yanaanzia wapi. Yamefanyika huko zaidi ya miaka 30. Basi mtu asituambie kwamba haiwezekani. Aseme tu kwamba hataki.

Tumesikia maneno ya kupinga, na ni haki tuyajibu.

Neno la kwanza: wakipelekwa ng'ambo hawatarudi. Ni kweli kwamba madaktari wetu wengi wako nchi za watu. Lakini aliyewafukuza si zamu ya mwezi mmoja. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, na jambo moja kubwa lilikuwa ni madaktari wapya waliokwisha hitimu kukaa nyumbani bila kupangiwa kazi, na kubishaniwa mshahara wao. Mtu akinyimwa kazi kwao atakwenda kwa wengine, hata kama hajapata kupanda ndege. Tena, mkifunga safari kwa hofu hiyo, mtakuwa mmemfungia maskini peke yake. Mtoto wa tajiri atakwenda tu.

Neno la pili: kwanza glavu, kwanza damu, safari baadaye. Neno hili lina uzito, na sisi ndio tunaojua, maana ndio tunaowaona jamaa za wagonjwa wakitumwa dukani kununua glavu usiku. Hatutaki hata senti moja itoke katika fungu la glavu. Fedha tunazozitaja ni zile ambazo wageni hulipa kwa ajili ya kuja kujifunza kwetu. Mama aliyekubali kutazamwa na mwanafunzi wa ng'ambo ndiye mwalimu wa kwanza wa mwanafunzi yule. Basi katika ada ya masomo yale, mtoto wa mama yule apate fungu lake. Si sadaka, ni ujira.

Neno la tatu: mtoto akisaidiwa, watu watasema hakustahili. Hilo husemwa siku zote. Dawa yake ni kuchagua hadharani, kwa sharti linalojulikana, na kumpa kazi ile ile wanayopewa wengine. Mtoto akizalishwa salama, hakuna anayeuliza mzalishaji alilipiwa nauli na nani.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, tawi letu la Dagoretti Corner litapeleka madai haya kwa wakubwa wa chama, nao wayapeleke kwa hospitali, vyuo na serikali ya kaunti:

1. Kila hospitali na chuo kinachopokea ada kutoka kwa wanafunzi wageni kitangaze kila mwaka kimepokea kiasi gani na kimetumia vipi, na fungu maalum litengwe kwa zamu za wanafunzi wetu wenye shida.

2. Chuo cha ng'ambo kinachotaka kuleta wanafunzi wake kwetu mwaka hata mwaka nacho kiwapokee wetu, kwa nauli na chumba juu yake. Kisichotaka kupokea, kisitarajie kupokewa daima.

3. Zamu ya ndani ya nchi ihesabiwe kuwa na heshima sawa na ya ng'ambo. Mtoto wa Nairobi aende Garissa, Lodwar au Lamu, na mtoto wa huko aje Pumwani na Mbagathi. Wote wapewe posho ya nauli, chumba na chakula, na barua ya bingwa wa Garissa isomwe mezani kama barua ya bingwa wa London.

4. Wanaochagua wa kusaidiwa watazame mapato ya wazazi na uhaba wa madaktari katika sehemu aliyotoka mwanafunzi. Katika baraza hilo awemo mkunga mmoja na mfanya kazi mmoja wa wodini, kwa kuwa wao humjua mwanafunzi wakati profesa hayupo.

5. Mgonjwa aulizwe kwanza kabla mwanafunzi ye yote, mgeni au mwenyeji, hajasimama kando ya kitanda chake. Na akikataa, asikaripiwe.

Hayo ni madai yetu kwa wengine. Lakini mtu anayedai tu bila kutoa huonekana mwombaji. Sisi wenyewe tuanze. Tukiwa watu 300 tu katika tawi, na kila mmoja akitoa shilingi 20 kwa mwezi, tunapata shilingi 6,000 kwa mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka. Shilingi 20 haimwachi mtu na njaa. Haitoshi kumpeleka mtu Uingereza. Lakini yaweza kumpeleka mwanafunzi mmoja Garissa mwezi mzima, kwa basi, akalala mahali pa heshima, akala, akarudi na barua. Mwaka wa pili tutampeleka mwingine. Vyama vya mashina mengine vikifanya hivyo, wakubwa wataona haya kutofanya.

Sharti letu kwa atakayesaidiwa ni moja tu. Akirudi, aje Jumapili moja katika mkutano wa tawi, asimame mbele ya akina mama, atueleze aliyoyaona. Asitusomee hotuba. Atuambie mama wa huko hufikaje hospitalini, hungoja muda gani, huogopa nini. Nasi tutamwambia ya kwetu.

Binti wa mwenzetu tuliyemtaja amekwisha maliza masomo yake ya kwanza. Zamu yake ilipita, na majuma yale hayarudi tena. Tulipomwuliza kama amebadili nia, akasema bado ni uzazi. Mama yake bado anafagia wodi ile ile, na usiku wa zamu yake huwasikia wanafunzi wa ng'ambo wakiulizana maneno ya Kiswahili. Huwasaidia. Hajaacha kuwasaidia hata siku moja.

Basi nasi tusimwache. Katika mkutano ujao wa tawi jambo la mchango wa shilingi 20 litapigiwa kura. Kila mwanachama aje, na aje na mkewe au mumewe, maana hili si jambo la wanawake peke yao. Asiyezaliwa na mwanamke akae nyumbani.

Umoja ni nguvu.

Sisi wa Tawi la Dagoretti Corner